Lafudhi ya Ojwang' ni funzo kwa walimu

Benson Wanjau, maarufu kwa jina la Mzee Ojwang', alipofariki Julai 12, 2015 akiwa na umri wa miaka 78, alililiwa na Wakenya wa kila kabila. Hapa Pioneer, mjini Eldoret, niliwasikia majirani wakimtaja kama jamaa yao.

Nikiwa mwanaisimu, ninaukumbuka zaidi ulimi wake. Wanjau alikuwa Mkikuyu, lakini katika Vitimbi, kipindi cha KBC, alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo kwa ustadi hata wengi wakamdhania kuwa Mjaluo. Tulicheka, ila hatukumdharau. Yeye na Mama Kayai, mkewe wa mchezoni, walikuwa kama wazee wa kila nyumba.

Mji wetu waujua pia ubaya unaoweza kuandamana na lafudhi. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, matamshi yaliyofichua kabila la mtu yaliweza kumponza.

Mbegu ya chuki hiyo aghalabu hupandwa darasani, mwanafunzi anapochekwa kwa kutamka 'samba' badala ya 'shamba', naye mwalimu akaungana na wanaocheka. Walimu wenzangu, sahihisheni matamshi, kwani hiyo ndiyo kazi yetu. Lakini msimfedheheshe mtoto kwa sababu ya lugha ya mamaye. Nanyi wanafunzi, jifunzeni lugha ya jirani. Ojwang' aliuazima ulimi wa wenzake akapendwa nao. Anayemlilia kwa dhati na aige mfano huo.