Programu iliyotolewa kwa wote ni barabara ya salongo

Kijana wa Kipese, Butembo ao Beni anayejifunza kuandika programu haanzi kazi mikono mitupu. Anachukua vipande vilivyoandikwa na wengine katika npm, katalogi ya pamoja ya lugha ya JavaScript, bila kulipa hata franka moja. Lakini wengi wanaishia kuchukua tu. Hilo linapashwa kubadilika.

Kutoa hakuombi koneksio kubwa. Mtungaji anajaza jina la kifurushi, namba ya toleo na leseni, anajitambulisha, kisha anaandika amri moja: npm publish. Kifurushi kidogo hakili hata mega moja.

Ugumu unakuja nyuma ya hapo. Mwezi wa tatu 2016, Azer Koçulu, aliyegombana na npm juu ya jina la kifurushi kingine, aliondoa vifurushi vyake vyote. Kimoja, left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu. Miradi mingi duniani ilikwama. npm ikakirudisha saa chache baadaye, kisha ikakaza sheria za kuondoa.

Kifurushi kilichotolewa ni kama barabara ya salongo: aliyeilima kwanza hawezi kuifunga asubuhi moja wakati wengine wanapitisha mizigo yao. Walimu wa informatika wafundishe mambo yote mawili: kutoa, na kutunza kilichotolewa. Atakayetoa kesho kifurushi cha kuandika tarehe kwa Kinande ajue kwamba kuna watakaojenga juu yake.