Namtetea Steringi

Wapo wapenzi wa lugha wanaolibeza neno "steringi". Mimi nalitetea. Katika Kiingereza lilitangulia tu majina ya waigizaji. Sisi tumelifanya jina la shujaa mwenyewe. Hapa Lyamkena, mtoto asemapo "steringi hafi", hamsifu Arnold Schwarzenegger wa Commando ya 1985 pekee. Anatamka kanuni ya hadithi, ileile iliyomwokoa Sungura katika ngano za bibi zetu. Naye Lufufu, alipozitafsiri filamu za mapigano kwa sauti yake, alifanya kazi ya mtambaji: aliipa hadithi ya ugenini ulimi wetu. Washairi tunaolalamika kwamba hatusomwi, twende katika vibanda umiza tukasikilize jinsi neno linavyopata wenyewe. Kamusi hufuata nyuma.