Kumlalamikia Mungu Si Kumwacha

Mkristo akifiwa mfululizo, au akishikwa na ugonjwa usiosikia dawa, au akiachishwa kazi huku watoto wakirudishwa nyumbani kwa kukosa ada, hufika siku akashindwa hata kuomba. Wenzake wa kanisani humjia na neno jepesi mdomoni: amepungukiwa imani. Naye, kwa kuogopa kuambiwa hivyo tena, huendelea kuitikia "Bwana asifiwe" kwa tabasamu, kumbe moyoni ameanza kuondoka. Nashikilia kwamba shutuma hiyo haina msingi katika Biblia, na kwamba anayemlilia Mungu kwa uchungu bado amemshika.

Ushahidi wa kwanza uko katika kitabu cha Zaburi chenyewe. Katika zaburi 150, takriban theluthi moja ni za maombolezo. Nyingi huanza na kilio na kumalizikia katika sifa, lakini ile ya 88 humalizikia gizani, bila faraja yoyote. Wazee waliozikusanya hawakuiondoa wala kuibandikia mwisho mtamu, bali waliiacha iwe sala ya watu wa Mungu. Ayubu naye aliilaani siku aliyozaliwa, akadai Mungu amjibu. Rafiki zake watatu walimtetea Mungu kwa hoja nzuri nzuri, lakini katika sura ya 42 hasira ya Mungu inawashukia wao, na Ayubu ndiye anayeambiwa kuwa alinena sawasawa.

Atakuja mtu aniulize: mbona basi Waisraeli waliadhibiwa jangwani kwa kunung'unika? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika Hesabu 14. Wale walinung'unika wao kwa wao, wakashauriana kumchagua kiongozi wa kuwarudisha Misri. Walimpa Mungu kisogo. Ayubu alimkabili. Maneno makali yanaweza kufanana, lakini anayeondoka hana haja ya kudai jibu, na anayedai jibu hajaondoka.

Wengine watauliza kuhusu yule asiyeweza hata kulalamika: imani gani hiyo isiyosikia chochote moyoni? Nawarudisha Mombasa ya mwaka 1844. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa shirika la kimisionari la CMS, alikuwa amefika pale kwa miezi michache tu, na kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiswahili ndiyo kwanza ameianza. Mwezi wa Julai homa ikamuua mkewe Rosine, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa, na waumini wa kumfariji hawakuwapo. Hakuondoka. Mwaka 1846, pamoja na Johannes Rebmann, alifungua kituo cha Rabai. Sidai kujua alisikia nini moyoni usiku ule wa msiba. Najua kwamba kazi iliendelea. Imani hukaa pia katika mikono, siku ambazo moyo umenyamaza.

Lakini tusiyafanye hayo kuwa fimbo ya kuwachapia walioanguka. Tazameni Eliya alivyotendewa katika 1 Wafalme 19. Alikaa chini ya mti akaomba afe, na hakukemewa. Aliachwa alale, akaamshwa akapewa mkate na maji, akalala tena, akalishwa mara ya pili. Mazungumzo yakaja baadaye, kule mlimani, akapewa na Elisha wa kufuatana naye. Utaratibu huo ungetufaa sana tunapokwenda kwa aliyekata tamaa: twende na unga na sukari, tukae naye, tumsikilize bila kumkatiza. Na ikiwa kilichompata ni sonona, apelekwe hospitali upesi, huku sala zikiendelea. Wanaosema kwamba kutafuta daktari ni kukiri udhaifu wa sala wasome Wakolosai 4, ambako Paulo anamtaja Luka, mpendwa wake, kwa kazi yake ya utabibu.