Punguzo la wenyeji lisiwe la jina tu



Nina dukuduku langu, ambalo naamini si langu peke yangu bali ni la wananchi wengi wa mwambao huu wa Kilwa na Lindi. Jambo lenyewe ni punguzo la kiingilio wanalopewa wenyeji katika sehemu za matembezi na mapumziko. Punguzo hilo linazidi kupungua mwaka hadi mwaka, na sisi tunaambiwa kwamba halijaguswa.

Hapa kijijini kwetu ipo bustani moja ya mapumziko, ina bwawa la kuogelea, bembea na mitelezo ya maji ya watoto. Ni mali ya mtu binafsi. Jina lake silitaji, kwa sababu sina ugomvi na mwenyewe wala na wafanyakazi wake, ambao baadhi yao ni vijana wetu. Isitoshe, nimezungumza na ndugu wa vijiji vingine nikaona malalamiko ni yale yale. Kwa hiyo yanayosemwa hapa yachukuliwe kuwa ni mfano tu.

Bustani hiyo ilipofunguliwa mwaka 2012 kiingilio kilikuwa shilingi 4,000 kwa kila kichwa, na mwenyeji alipunguziwa shilingi 2,000. Kwa maneno mengine mwenyeji alilipa nusu. Mwaka 2018 kiingilio kikapanda hadi shilingi 6,000, punguzo likabaki shilingi 2,000. Mwaka 2024 kiingilio kikafika shilingi 10,000, na punguzo likabaki pale pale, shilingi 2,000. Tulipouliza, tulijibiwa kwa upole kabisa kwamba punguzo la wenyeji halijapunguzwa hata senti moja tangu siku ya kwanza. Jibu hilo ni la kweli, lakini, ndugu wasomaji, tupige hesabu.

Baba, mama na watoto wanne ni vichwa sita. Mwaka 2012 familia hiyo, ikiwa ya mwenyeji, ililipa shilingi 12,000. Mwaka 2018 ililipa shilingi 24,000. Tangu 2024 inalipa shilingi 48,000. Familia ya mgeni ya watu sita ililipa shilingi 24,000 mwaka 2012, na sasa inalipa shilingi 60,000. Maana yake ni kwamba bei ya mgeni imepanda mara mbili na nusu, lakini bei ya mwenyeji imepanda mara nne. Tulianza tukilipa nusu ya anacholipa mgeni, na sasa tunalipa sehemu nne katika tano. Punguzo lisiloguswa limetuumiza kuliko hata kama lingepunguzwa waziwazi, kwa sababu lingepunguzwa waziwazi tungepata nafasi ya kuuliza.

Juu ya hayo yameongezwa masharti. Zamani ilitosha mlinzi akufahamu. Tangu 2018 ni lazima uwe na barua ya ofisi ya mtendaji wa kijiji, tena ya tarehe ya mwezi huo huo. Kisha likaja tangazo kwamba punguzo halitumiki Jumamosi, Jumapili wala sikukuu. Sasa najiuliza, mtoto wa shule atakwenda lini? Jumatatu hadi Ijumaa yuko darasani, na baba yake yuko shambani kwenye ufuta au yuko baharini. Siku ya Idi, ambayo mtoto amevaa nguo mpya na anataka kutembezwa, ndiyo siku ambayo yeye si mwenyeji tena.

Huenda msomaji wa mbali akasema kwamba mwenye mali ana haki ya kupanga bei ya mali yake, na asiyeweza abaki nyumbani. Hoja hiyo ningeikubali kama bustani ile ingeshushwa kutoka mbinguni. Lakini ufukwe ule ulikuwa wa kijiji. Hapo ndipo wavuvi walipovutia juya, ndipo akina mama walipoanika dagaa, na ndipo watoto walipojifunza kuogelea bila ya kulipa chochote. Mwekezaji alikuja mbele ya mkutano mkuu wa kijiji akaomba eneo, na miongoni mwa mambo aliyoyaahidi mbele ya wazee ni ajira kwa vijana na nusu ya kiingilio kwa wenyeji. Wananchi wakanyoosha mikono. Kwa hiyo nusu ile haikuwa sadaka. Ilikuwa sehemu ya bei ya ardhi, ambayo tulikubali kulipwa kidogo kidogo, mlangoni.

Na hapa ndipo penye tatizo lenyewe. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji ikishahawilishwa, yaani ikishahamishwa kuwa ardhi ya jumla, inatoka katika mamlaka ya halmashauri ya kijiji. Kijiji hakiwezi kurudi siku ya pili na kusema tumebadili mawazo. Kinachobaki mikononi mwa wananchi ni yale tu yaliyoandikwa kwenye mkataba. Yaliyosemwa mkutanoni hubaki kwenye kumbukumbu za wazee, na wazee hawaishi milele. Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini deni lisiloandikwa hulipwa kwa hiari ya mdaiwa.

Mkoa wetu wa Lindi unalijua jambo hili kuliko mikoa mingi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale huko Tendaguru. Waliochimba na kubeba walikuwa watu wa huku, mamia kwa mamia, na msimamizi wao mashuhuri alikuwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa melini. Leo mmoja wa mijusi hao, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, amesimama katika jumba la makumbusho la Berlin tangu mwaka 1937, na watazamaji wanalipa kiingilio kumwona. Wapagazi walilipwa ujira wa kibarua, na habari yao ikaishia hapo. Mjukuu wa mpagazi akitaka kumwona mjusi aliyebebwa na babu yake atafute kwanza nauli ya ndege, kisha akate tiketi kama mtu mwingine yeyote. Simlaumu mtu kwa mambo ya zamani za wakoloni. Nasema tu kwamba jasho la mwenyeji lisipoandikwa mapema, baadaye hakuna wa kulihesabu.

Tutazame pia magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Mahali hapo pametajwa katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Mwaka 2004 pakaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu kuta zilikuwa zinabomoka na bahari inakula ukingo. Zikafuata kazi za ukarabati na za kuzuia mmomonyoko, kwa misaada ya mataifa rafiki na kwa mikono ya mafundi na wakazi wa visiwani, na mwaka 2014 pakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Wakazi hao ndio majirani wa Msikiti Mkuu, wa Gereza na wa Husuni Kubwa. Ndio wanaowaona wageni wa kwanza asubuhi na wa mwisho jioni. Jirani wa namna hiyo ni mlinzi asiye na mshahara. Ni vizuri watoto wake wakafahamu kinachosifiwa na mgeni aliyetoka ng'ambo, kwani mtu hutunza anachokifahamu.

Wala mimi sianzishi jambo jipya. Taifa letu limekubali siku nyingi kwamba mwenye mali halipi sawa na mgeni. Kwa viwango vya mwaka 2023 mgeni mzima kutoka nje aliyeingia Serengeti msimu wa wageni wengi alilipa dola 70 za Marekani, na raia wa Afrika Mashariki alilipa shilingi 10,000, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Huo ni utaratibu wa haki na sote tunaufurahia. Ninachouliza ni hiki: ikiwa raia anatofautishwa na mgeni wa ng'ambo, je, yule aliyetoa ufukwe wake asitofautishwe hata kidogo na raia mwenzake aliyetoka mbali kuja kustarehe?

Wenzetu wa nje wanalitambua jambo hili. Huko Kambodia raia huingia bure katika mahekalu ya Angkor, ingawa wageni wanatozwa dola nyingi. Mji wa Venice, nchini Italia, ulipoanza mwaka 2024 kutoza wageni wa kutwa euro 5 ili kupunguza msongamano, wakazi wa mji huo hawakutozwa. Lakini pia tujifunze kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2025 vilitangazwa viwango vipya vya hifadhi zao. Katika hifadhi ya Nairobi kiingilio cha mgeni kutoka nje kilipandishwa kutoka dola 43 hadi 80, na cha raia kutoka shilingi za Kenya 430 hadi 1,000. Msomaji mwenye kalamu akigawanya ataona kwamba cha mgeni hakikufika mara mbili, lakini cha raia kimezidi mara mbili. Raia bado analipa kidogo sana kuliko mgeni, hilo halina ubishi. Hata hivyo, ile hesabu ya bustani ya kijijini kwetu inaonekana hata kwenye mambo makubwa ya nchi.

Najua zipo hoja za upande wa pili, na si vyema kuzidharau. Wenye bustani wanasema kwamba dizeli, umeme, dawa za maji ya bwawa na mishahara vyote vimepanda. Ni kweli, na mimi sisemi kiingilio kirudi shilingi 4,000. Kipande kadiri hali inavyolazimu, ila nasi tupande pamoja nacho kwa kipimo kile kile. Nusu ya 10,000 ni 5,000, na hiyo tungeilipa bila manung'uniko. Vilevile wanasema kwamba wako watu wanaotoka mijini wakajifanya wenyeji kwa barua za kuazima. Hilo nalo lipo. Lakini dawa ya mdanganyifu mmoja si kuwafungia mlango watu wa kijiji kizima. Kila kijiji kina vitongoji, na kila kitongoji kina mwenyekiti anayewajua watu wake kwa majina. Orodha ya kaya ikiwekwa mlangoni mara moja kwa mwaka, barua za kila mwezi hazitahitajika.

Kwa maoni yangu yafaa yafanyike mambo matatu.

Kwanza, kila mwekezaji anapopewa ardhi ya kijiji kwa shughuli za matembezi na mapumziko, haki ya wenyeji iandikwe kwenye mkataba, na iandikwe kwa sehemu, kama vile nusu au robo, si kwa idadi ya shilingi. Shilingi hubadilika thamani, lakini nusu hubaki nusu.

Pili, kabla ya kiingilio kubadilishwa, wananchi waelezwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Si lazima tuombwe ruhusa ya kila kitu. Kuelezwa tu kunatosha kuondoa fitina nyingi, kwani mtu akijua sababu huvumilia.

Tatu, watoto wa shule za vijiji vinavyozunguka watengewe siku zao. Miezi ya masika wageni ni wachache na bembea zinaning'inia bila mtu. Hasara gani itapatikana mtoto wa kijiji akiingia Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili kwa shilingi chache? Mtoto huyo ndiye mfanyakazi wa kesho wa bustani hiyo hiyo, na huenda ndiye mwongozaji wa wageni wa magofu.

Viongozi wetu wa wilaya na mkoa wanahimiza utalii wa kusini, na sisi tunaunga mkono kwa moyo mmoja. Meli za watalii zimekuwa zikitia nanga Kilwa katika miaka ya karibuni, na wananchi wanazipokea kwa furaha. Msemo wetu ni mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatujasema mgeni njoo, mwenyeji akae nje ya uzio akichungulia.

Naomba wahusika katika halmashauri za Kilwa na Lindi waiangalie mikataba iliyopo, na hasa hiyo inayokaribia kutiwa saini sasa, kabla ya kalamu kugusa karatasi. Kwa bustani ya kijijini kwetu nimesikia kwamba mkutano wa kijiji utafanyika baada ya mavuno ya ufuta. Nitahudhuria nikiwa na hesabu hii mkononi, na mwenye bustani namkaribisha kwa heshima aje aipinge mbele ya wote.

Wako,
Mkazi wa mwambao,
Kilwa.