Kibubu cha Babu na Haki ya Warithi



Tumeulizwa na familia moja ya Meru, yenye asili ya pwani, juu ya kibubu cha udongo kilichoachwa na babu yao. Kina tundu jembamba la kutumbukizia sarafu, wala hakifunguki ila kwa kuvunjwa. Kaka mkubwa amekihifadhi akisema ni kumbukumbu ya nyumba, si mali ya kugawanywa. Dada zake hawakuridhika.

Waingereza waliweka kituo Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Wafanyabiashara wa pwani waliofanya maskani huko walikuta sarafu ya soko ni rupia. Mwaka 1920 ikaja florini, na punde shilingi ya Afrika Mashariki, mbili kwa rupia moja. Mwaka 1966 Kenya ikatoa shilingi yake. Hivyo yaliyomo kibubuni hayanunui kitu dukani leo.

Je, yamekosa thamani? Hasha. Rupia ya Kihindi ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na karibu gramu 10.7 ni madini safi ya fedha. Rupia 56 zisizolika zafikia nisabu ya gramu 595, kiwango kinachowajibisha zaka mwaka ukitimia. Shilingi za kwanza zilikuwa na robo tu ya madini hayo. Mali ya namna hii haiitwi pambo la kabati.

Basi ni mirathi. Baada ya maziko, madeni na wasia usiozidi theluthi, kilichobaki ni cha warithi wote, wanaume kwa wanawake. Tena mali ni ya babu, si ya baba yao pekee. Mashangazi waliokuwa hai alipofariki wana fungu humo; na aliyekwisha kufa, fungu lake ni la warithi wake. Kaka na dada wanaozozana huenda wote wamewasahau.

Wakiridhiana wote waliobaleghe, kibubu kibaki kizima na makubaliano yaandikwe mbele ya mashahidi. Fungu la yatima halisamehewi na mtu. Asiyeridhia apewe haki yake, au waende kwa Kadhi, hata kama ni kwa kukivunja. Kibubu kingine chaweza kufinyangwa. Haki iliyodhulumiwa tutaulizwa Siku ya Kiyama.

Wallahu a'lam.