MANENO YETU YASIKATWE MKIA



Wako wenzetu wasemao afadhali viongozi wa chama wasifungue kinywa mbele ya waandishi wa magazeti, kwa kuwa kila neno hugeuzwa. Sisi hatukubali. Kiongozi akinyamaza, gazeti halitoki tupu: litajazwa maneno ya tajiri, na sisi tutaandikwa kwa ufupi kwamba "wafanyakazi wanalalamika". Ndiyo maana twataka maneno yetu yaandikwe kama yalivyotoka, ndani ya alama za usemi, ili msomaji wa Kisumu au Mombasa amsikie mfanyakazi mwenyewe.

Lakini alama hizo ni kama mhuri. Barua yenye mhuri huaminiwa hata ikiwa na uwongo ndani.

Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka 2007 yataka usuluhishi ujaribiwe kwanza, kisha itolewe notisi ya siku 7 kwa maandishi kabla ya mgomo. Tuseme katibu wa tawi amesema: "Usuluhishi ukishindwa, na siku 7 za notisi zikiisha, tutagoma." Gazeti laandika: "Tutagoma." Je, amesingiziwa? Neno ni lake, na mwandishi ataonyesha daftari. Lakini mtu aliyefuata sheria ameonekana mvunja sheria, na tajiri amekwisha kulipeleka gazeti kwa wakili wake. Uwongo mtupu hukanushwa kwa siku moja. Huu utaukanusha wapi?

Wengine hawakati, hutunga. Mwezi wa Januari 1979 madereva wa malori wa Uingereza walikuwa katika mgomo. Waziri Mkuu James Callaghan, ambaye zamani alikuwa ofisa wa chama cha wafanyakazi wa kodi, alirudi kutoka mkutano wa Guadeloupe. Alipoulizwa uwanjani kuhusu machafuko nchini, alijibu kwamba hadhani watu wengine duniani wangeyaona mambo hivyo. Kesho yake gazeti la The Sun likaweka kichwa kikubwa: Shida? Shida gani? Hakuyasema maneno hayo, lakini mpaka leo wako wanaoapa kwamba ni yake. Hatusemi kichwa kimoja ndicho kilichomwangusha katika uchaguzi wa Mei 1979, maana migomo ilikuwa ya kweli. Ila serikali iliyomfuata ndiyo iliyoanza, mwaka 1980, kutunga sheria za kuvibana vyama vya wafanyakazi.

Kisha liko jambo la lugha. Mfanyakazi asema Kiswahili, pengine Kikamba au Kidholuo. Kesho anajikuta gazetini akisema Kiingereza cha majaji. Nani alifasiri? "Tunaomba" na "tunadai" si neno moja, na mazungumzo ya mshahara yaweza kuvunjika kwa tofauti hiyo. Gazeti likifasiri, na liseme limefasiri. Tena liandike na swali lililoulizwa, si jibu peke yake.

Nasi tukimnukuu tajiri humu, tutamwandika mpaka nukta yake ya mwisho, ijapokuwa hotuba zake ni ndefu na zinamaliza karatasi ya chama.

Katibu wa tawi akiulizwa na mwandishi, aandike jibu lake kwa nakala mbili, atie tarehe na sahihi. Moja ampe mwandishi, ya pili ibaki katika faili la tawi.