Kabla hujalipia darubini, ijaribu kwanza

KIZURI chajiuza, kibaya chajitembeza. Wazee waliotuachia msemo huo hawakupata kuingia katika maduka ya mjini yanayouza darubini za kutazamia nyota, lakini lau wangeingia, wangetikisa vichwa. Sanduku limechorwa sayari ya Zohali na pete zake, rangi zawaka kama khanga mpya, na juu yake pameandikwa kwa herufi nono kwamba chombo hiki hukuza vitu mara 525. Mzazi aliyekuja na mwanawe hutazama nambari hiyo, hutazama bei, kisha hutia mkono mfukoni.

Jumapili ya leo, msomaji mpendwa, tuzungumze kidogo kabla mkono huo haujatoka.

Chukua mfano wa familia ya Kalokol, mji mdogo wa wavuvi kando ya Ziwa Turkana, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Lodwar. Mama anauza samaki wakavu. Kijana wake yuko sekondari na anapenda fizikia kuliko chakula. Usiku wa kule ni giza kweli kweli, mvua ni haba, na nyota humwagika angani kama mchele uliomwagika ukumbini. Kijana anamwandikia mjomba wake aliye Nairobi amnunulie darubini, na mama anachanga kile alichonacho. Mjomba akikosea pale dukani, chombo kitasafiri kilomita zipatazo 700 kwa basi, kitatazamiwa mara mbili tatu, kisha kitapanda juu ya kabati kukusanya vumbi. Nani atakirudisha Nairobi? Wala hasara si ya fedha peke yake. Kijana atadhani kwamba yeye ndiye asiyejua kutazama, na huenda akaiacha fizikia yenyewe.

Nambari ya sandukuni

Ile 525 hutoka wapi? Darubini nyingi za bei nafuu zina lenzi ya mbele yenye upana wa milimita 60 na urefu wa fokasi wa milimita 700. Ukuzaji hupatikana kwa kugawanya urefu huo kwa urefu wa fokasi wa lenzi ndogo ya jichoni. Weka lenzi ya jichoni ya milimita 20, utapata mara 35. Weka ya milimita 4, utapata mara 175. Ongeza kile kilenzi cha kuzidisha mara tatu kinachotiwa ndani ya sanduku, nawe umefika 525. Hesabu ni sahihi, ila faida haipo.

Kanuni ambayo watazamaji wazoefu huishika ni kwamba darubini nzuri huweza kukuza kwa manufaa hadi mara mbili ya milimita za upana wake. Milimita 60 basi hukupa mara 120, tena hewa ikiwa imetulia. Ukipita hapo unakuza ukungu tu, mfano wa mtu anayechukua picha ndogo ya gazeti na kuitanua hadi ijae ukuta.

Jambo la kuuliza kwanza ni upana wa lenzi au kioo cha mbele, kwa sababu huo ndio mlango wa nuru. Mboni ya jicho gizani hufunguka kiasi cha milimita 7. Lenzi ya milimita 60 hukusanya nuru mara 73 zaidi ya jicho hilo, na kioo cha milimita 150 hukusanya mara 459. Upana ukiongezeka mara mbili, nuru huongezeka mara nne. Kwa hiyo, muuzaji akikuanzia na habari za ukuzaji, mrudishe taratibu kwenye upana. Akiwa haujui, aga uende zako.

Mazingira ya Turkana

Swali la pili ni chombo kitatumika wapi. Watu wa Kalokol wanalifahamu somo hili. Katika miaka ya 1980 mji wao ulijengewa kiwanda cha kugandisha samaki kwa msaada wa Norway. Mitambo ilikuwa ya kisasa, lakini umeme wa kugandishia na maji safi katika nchi ya jangwa vilikuwa ghali mno, na kiwanda kikasimama muda mfupi tu baada ya kuanza. Kifaa kizuri kisichofaa mahali pake ni mzigo.

Tuyatazame basi mambo matatu ya Turkana. La kwanza ni upepo. Upepo mkali wa kusini-mashariki hupenya kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, nao huzidi nguvu usiku na alfajiri, saa zile zile za mtazamaji nyota. Ndio huo unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani, ng'ambo ya ziwa. Darubini iliyosimama juu ya vijiguu vyembamba vya bati itatetemeka kama jani la mnazi. Heri bomba fupi na stendi nzito iliyo karibu na ardhi.

La pili ni joto na vumbi. Chombo kilichoshinda ndani ya nyumba ya mabati huwa na moto, na hewa inayopanda kutoka katika kioo chake huzichezesha nyota. Kitoe nje jua likishatua na ukiache saa nzima kipoe kabla ya kukihukumu. Vumbi likiingia, usilifute kwa shati! Chembe za mchanga zitakwaruza kioo. Lipulize kwa kipira cha mpira na ufunike chombo kila umalizapo.

La tatu ni ikweta, na hapa ndipo vitabu vya Ulaya huwapoteza wengi. Stendi nyingi za bei ya kati huwa na mhimili unaopaswa kuelekezwa kwenye Nyota ya Kaskazini, ili darubini ifuate mzunguko wa anga kwa kuzungusha kitasa kimoja. Mwingereza wa London huiona nyota hiyo katikati ya anga. Kalokol iko nyuzi tatu na nusu tu kaskazini ya ikweta, na nyota hiyo husimama nyuzi tatu na nusu juu ya upeo, yaani upana wa vidole viwili ukinyoosha mkono. Huko chini kuna vumbi na vilima. Nairobi, iliyo kusini ya ikweta, haionekani kabisa. Juu ya hayo, stendi nyingi za aina hiyo hazikuundwa kulala chini kiasi hicho, na ukizilazimisha, uzito wa kusawazisha hugonga miguu.

Kwa sababu hizo, stendi ya kufaa kwetu ni ile inayozunguka kushoto na kulia, juu na chini, kama mzinga wa zamani. Iliyo bora kati ya hizo hubeba jina la John Dobson wa San Francisco, Marekani, aliyewafundisha watu wa kawaida kujitengenezea darubini za vioo kwa mbao na mabomba ya karatasi ngumu. Ni sanduku la plaiwudi linalozunguka juu ya ubao. Fundi seremala wa Lodwar au Kakuma akionyeshwa moja anaweza kutengeneza la pili, au kurekebisha lililovunjika. Hilo nalo ni jambo la kupima unaponunua: likiharibika, nani atalitengeneza?

Majaribio kabla ya kulipa

Mjomba wa Nairobi asikubali kulipa kabla ya kufanya haya. Mchana, aombe darubini itolewe mlangoni na kuelekezwa kwenye maandishi ya mbali, kama bango la barabara nyingine. Aanze na lenzi ya ukuzaji mdogo. Maandishi yasomeke wazi katikati na hata karibu na ukingo. Kisha apige bomba kwa kidole kimoja, pole, huku akitazama. Picha ikitulia ndani ya sekunde mbili au tatu, stendi inafaa. Ikiendelea kucheza hadi sekunde kumi, na hapo hakuna upepo, Kalokol itakuwaje? Azungushe pia kitasa cha kusawazishia picha. Kikiwa kinalegalega au kinanata, aache.

Majaribio ya usiku ndiyo makali zaidi, na duka la haki litakubali chombo kirudishwe kesho yake. Lielekeze bomba kwenye mwezi. Darubini yoyote ya lenzi ya bei nafuu huonyesha utepe mwembamba wa zambarau ukingoni mwa mwezi, na hilo lavumilika, lakini utepe ukiwa mpana hata ukazifunika kingo za mashimo, lenzi ni hafifu.

Halafu chagua nyota ing'aayo iliyo juu angani. Ipate iwe nukta, kisha zungusha kitasa polepole hadi nukta ifumuke iwe duara lenye miviringo ndani yake. Rudi kwenye nukta, uendelee upande wa pili. Maduara ya pande zote mbili yawe mviringo kamili na yafanane. Likiwa kama yai, au kivuli cheusi cha katikati cha darubini ya kioo kikikaa upande, vioo havijanyooka. Usikate tamaa upesi, kwani mara nyingi skrubu tatu zilizo nyuma ya kioo kikubwa hulimaliza tatizo. Lakini ukishazirekebisha na yai likabaki yai, rudisha chombo.

Jaribio la mwisho ni nyota pacha. Ile nyota angavu ya Alfa Sentauri, iliyo karibu na Msalaba wa Kusini, jicho huiona moja, lakini ni mbili. Darubini ya milimita 60 iliyo salama huzitenganisha kwa ukuzaji wa mara 100 bila shida. Albireo, ya anga ya kaskazini, hugawanyika hata kwa ukuzaji wa mara 30, moja ikiwa na rangi ya dhahabu na nyingine buluu. Sisi wa karibu na ikweta tuna bahati kubwa hapa, maana tunaziona zote mbili, neema ambayo mwenye darubini ya bei kubwa huko London hana.

Nguzo na dira

Iwapo kuna atakayesema kwamba majaribio haya ni usumbufu wa bure, na apite barabara ya Lodwar kwenda Kalokol. Kando yake zimesimama nguzo 19 za mawe meusi ya volkano. Mahali hapo panaitwa Namoratunga, watu wa mawe, na hadithi inayosimuliwa ni kwamba walikuwa wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe.

Mwaka 1978, watafiti Mark Lynch na Lawrence Robbins waliandika katika jarida la Science kwamba nguzo hizo zilipangwa kuelekea mahali pa kuchomoza nyota saba na makundi ya nyota yanayotumiwa katika kalenda ya Waborana, Kilimia ikiwa mojawapo, na kwamba zilisimikwa yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Dunia ilishangilia. Lakini mwaka 1982 Robert Soper alirudia vipimo akagundua kwamba mawe yale yana sumaku, na sumaku hiyo huivuta sindano ya dira. Chombo cha kupimia kilikuwa kikidanganywa na kitu kinachopimwa. Wachimbaji wa miaka ya karibuni nao wameonyesha kwamba maeneo ya nguzo kandokando ya ziwa ni ya kale zaidi, miaka kama 4,000 hadi 5,000 iliyopita, na kwamba wafugaji wa mwanzo waliyajenga kuzikia wafu wao.

Heshima ya Namoratunga haikupungua kwa hayo. Ila kijana wa Kalokol apate funzo mara mbili: asitegemee dira kati ya mawe yale, na asiamini chombo chochote kabla hajakijaribu kwa njia ya pili.

Fedha zikiwa kidogo

Kama fedha hazitoshi darubini ya kioo yenye upana wa milimita 100 au zaidi juu ya stendi imara, usinunue darubini mbovu. Nunua darubini ya macho mawili yenye maandishi 7x50 au 10x50. Nambari ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi. Kwa chombo hicho Kilimia, ambayo jicho huihesabu nyota sita au saba, hujaa makumi ya nyota, na miezi minne ya Mshtarii aliyoigundua Galileo mwaka 1610 huonekana ukiegemeza viwiko ukutani. Kifunge ndani ya nguo, kitafika Kalokol salama, na mama atakitumia mchana kutazama mashua zikirejea.

Afadhali pia kutazama kwa darubini ya mwingine kabla ya kununua yako. Hapa Kenya, Susan Murabana na mumewe Chu Owen wamekuwa wakizunguka na darubini mashuleni kupitia shughuli yao ya Travelling Telescope. Dakika tano kwenye chombo kizuri zitakufundisha zaidi ya saa nzima ya maneno ya muuzaji.

Na mzazi, neno moja la kusisitiza. Kamwe mtoto asielekeze darubini kwenye jua. Vile vioo vyeusi vidogo vinavyofungwa kwenye lenzi ya jichoni hupasuka kwa joto, na jicho likiungua halirudi. Kama sandukuni mna kioo hicho, kitupe siku hiyo hiyo, hata kabla ya kuweka miguu sawa.

Kisha subirini usiku wa giza. Mengine tutazungumza Jumapili ijayo.